Ukiuza gari bila kubadili kadi, bado ni lako

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na ndugu zangu wanaouza magari na pikipiki mtu kwa mtu, bila yadi wala kampuni katikati, maana ninayoyaona yanatia huruma na hakuna anayeyasema kwa sauti. Mimi nina steshenari ndogo huku Temeke, nachapa mikataba, natoa kopi, nasaidia watu kuomba TIN, ile namba ya mlipakodi, na mambo mengine ya onlaini, kwa hiyo kadi za magari, zile za usajili zenye jina la mwenye gari, zinapita sana mezani kwangu na stori zake nazisikia kabla hata mtu hajakaa kwenye benchi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Ukiuza gari leo ile namba inaondoka na gari, ila jina lako linabaki kwenye sistimu ya TRA, mamlaka ya mapato, mpaka siku kadi itakapobadilishwa, na hiyo siku usikubali mnunuzi ndo aichague. Nendeni wote wawili siku ile ile mnayopeana hela. Na kwa upande wa serikali naomba iwepo njia nyepesi, inayojulikana na kila mtu mpaka kijijini, ya muuzaji kutoa taarifa peke yake kwamba chombo hiki nimeshauza, hata kama mnunuzi hapokei simu.

Nianze na namba yenyewe maana hapo ndo watu wanapojichanganya. Kwetu huku pleti namba haimfuati mtu, inafuata gari. Gari likishasajiliwa likapewa ile T, tarakimu tatu na herufi tatu, hiyo ni yake mpaka linakwenda kuwa skrepa, liuzwe mara ngapi, lihamie Mwanza, lipakwe rangi nyingine, namba ni ile ile. Wajapani tunaonunua kwao magari wana utaratibu tofauti, gari likitaka kusafirishwa nje pleti za kule zinavuliwa na kurudishwa ofisini kwao, usajili unafutwa, na inatoka karatasi ya kuonyesha umefutwa, ndo maana hakuna gari linaloshuka melini pale bandarini likiwa na pleti ya mwenyewe wa kwanza. Yule Mjapani amekatwa kabisa na gari lake, likigonga mtu Mbezi hakuna atakayemtafuta. Sisi gari likitoka kwa mtu wa kwanza kwenda kwa wa pili hakuna kinachovuliwa, ukilitazama barabarani huwezi kujua limeuzwa, kitu pekee kinachosema mwenyewe amebadilika ni kadi, na kadi ndo watu wanaiacha.

Na hapo hapo niliseme na hili la herufi maana linanikera. Mtu anaongeza milioni nzima kwa sababu gari ni namba D au namba E, dalali anaimba "namba D hii bosi", wakati ile herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho inakuambia tu gari liliingia lini kwenye usajili wa Tanzania, haikuambii limetengenezwa lini. Gari la 2004 linaweza kuwa namba D vizuri tu. Huyo huyo anayelipia herufi ukimpa kadi haisomi, na kadi ndo imeandika kila kitu, mwaka wa kutengenezwa, chesesi, injini, rangi, matumizi, na jina la mwenye mali.

Sasa jina likibaki lako shida iko wapi? Watu wananiuliza hivo kabisa, wananiambia si nimeshakula hela yangu, gari atajua mwenyewe. Shida ni kwamba karibu kila kitu cha barabarani siku hizi kinaandikwa kwa namba ya gari. Trafiki akikuandikia kosa linaingia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, yule kijana na mashine yake anaingiza namba ya gari, deni linakaa kwa namba ya gari mpaka lilipwe. Gari likigonga mtu likakimbia, shahidi anachokumbuka ni namba, polisi wanaipeleka namba TRA na TRA wanatoa jina, na hilo jina likiwa lako basi wewe ndo unayefuatwa nyumbani. Likitumika kwenye wizi, likikamatwa na magendo, ni hivo hivo. Na aliyeumizwa akienda kufungua kesi ya madai wakili wake anawashtaki wote, dereva na mwenye gari, na mwenye gari kwa kuanzia ni yule aliyeandikwa kwenye kadi. Unaweza ukajitetea ndio, kadi siyo msahafu, mahakama itasikiliza ukionyesha mkataba kwamba uliuza, lakini kazi ya kuonyesha inakuwa yako wewe, na nauli yako, na wakili wako, na siku zako za kwenda kortini.

Kuna mzee mmoja mstaafu alikuja kwangu ameshika bahasha. Aliuza Noah yake kwa kijana aliyeletwa na dalali, wakaandikishana, hela ikaingia benki, kijana akaondoka na gari na kadi na mkataba wenyewe, mzee akabaki na risiti ya benki. Baada ya muda mrefu askari wakaja kwake, gari limegonga mtu wa pikipiki na halikusimama. Mzee ananiambia, "Mwanangu, mimi gari nilishauza, sasa nitawaambiaje wanielewe?" Alikuwa anatafuta kopi ya ule mkataba, anakumbuka ulichapwa steshenari fulani ila hajui ipi, na dalali namba yake haipatikani tena. Nilikaa naye tukatafuta mpaka jioni kwenye kompyuta yangu nikijua kabisa siyo mimi niliyeuchapa. Yule mzee hakudhulumu mtu, alifanya biashara halali mchana kweupe, na bado alikuwa anatetemeka kama mkosaji.

Kwa wenye vyombo vya biashara kuna moja zaidi. Gari la abiria au la mizigo likiwa chini ya TIN yako, TRA wanaliona kama kitu kinachokuingizia kipato, kwa hiyo makadirio ya kodi yanakuja kwako hata kama gari lilishauzwa Kahama na hujawahi kuliona tena. Ukienda kueleza wanakuuliza swali la haki kabisa, kwa nini kadi bado jina lako.

Wanunuzi nao wana sababu zao, nazijua zote maana nazisikia kila wiki. Ya kwanza hela. Kubadili umiliki kuna ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1 ya thamani, kuna kodi ya uhamisho ambayo kwa gari imekuwa 50,000 na kwa pikipiki 27,000, na kadi mpya 10,000. Gari la milioni 15 hapo unazungumzia 150,000 ya stempu, jumlisha 50,000, jumlisha 10,000, inakuja 210,000, na wakili wa kugonga muhuri pembeni. Mtu ametoka kulipa milioni 15 mfuko umekauka anasema ngoja mwezi ujao. Mwezi ujao gari linataka tairi. Wa pili hana TIN, na TIN inataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na NIDA yake bado ina matatizo ya majina. Wa tatu ananunua ili auze, hataki jina lake liguse popote, anataka kadi ikae jina la yule wa kwanza mpaka ampate mteja, na huyu ndo atakuomba usaini mkataba sehemu ya mnunuzi ikiwa haijajazwa. Usisaini. Hujui jina gani litaandikwa pale wala tarehe gani, na siku ukihitaji huo mkataba ukutetee utakuta unamtaja mtu ambaye hujawahi kuonana naye.

Kuna na wale wa kupunguza bei kwenye karatasi, gari la milioni 15 mkataba unaandikwa milioni 6 ili stempu iwe ndogo. Kwanza TRA wana makadirio yao ya thamani ya magari, siyo lazima wakubali uongo wenu. Alafu fikiria gari limekuja kugundulika lina matatizo, chesesi imechezewa, mnunuzi anataka hela yake irudi, mbele ya sheria karatasi inasema ulitoa milioni 6. Milioni 9 zimekwenda wapi? Mimi wakija kwangu na hilo nakataa kuchapa, wengine wananinunia wanakwenda duka la pili, sawa tu.

Sasa ona inavyokuwa gari likishapita mikono mingi. Wa kwanza kamuuzia wa pili hawakubadili, wa pili kamuuzia wa tatu, wa tatu kamuuzia wa nne, na huyu wa nne ndo mtu makini anataka jina lake. Anaambiwa alete mwenye kadi. Mwenye kadi yuko wapi? Alihamia Songea. Au yuko nje ya nchi. Au amefariki, na akiwa amefariki hapo gari limeshakuwa sehemu ya mirathi kwenye makaratasi, inabidi familia iwe na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ndo asaini, na watoto wa marehemu wanakuuliza hivi kweli baba aliuza hili gari, mbona hatukusikia. Huyu wa nne hela yake ametoa kwa mtu wa tatu, anawalilia watu wasiomjua. Na mwenye kadi akiwa na madeni yake, mahakama ikaamuru mali zake zikamatwe, dalali wa mahakama anaweza kabisa kuja kushika gari unaloendesha wewe kwa sababu jina ni la mdaiwa, na wewe ndo unaanza kukimbia na pingamizi. Kwa hiyo hata ambaye hamhurumii muuzaji ajihurumie mwenyewe, gari ulilolipa likiwa na jina la mtu mwingine umelishika tu.

Mimi nahisi, na haya ni maoni yangu, hali ilizidi baada ya 2017. Kabla ya hapo kulikuwa na ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, road laisensi tulivyozoea kuita, na ilikuwa mzigo kweli, magari mabovu yaliyolala uani kwa fundi yalikuwa yanadaiwa, watu walifurahi sana bajeti ya Juni 2017 Waziri wa Fedha wa wakati ule, Mpango, alipoifuta na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Uamuzi mzuri, sitaki irudi. Lakini ile ada ilikuwa inamkumbusha mtu kila mwaka kwamba kuna gari kwa jina lake. Muuzaji alikuwa anajua deni litakuja kwake kwa hiyo alimsukuma mnunuzi wabadilishe. Sasa hivi hakuna kinachokukumbusha mpaka tukio litokee.

Na kwenye pikipiki ndo kuna kilio hasa. Bodaboda nyingi ziko kwa mkataba, tajiri ananunua pikipiki, kadi jina lake, pleti ya MC, anampa kijana anapeleka hesabu, yaani hela waliyokubaliana, kila siku au kila wiki mpaka kipindi kiishe, kikiisha pikipiki inakuwa ya kijana. Mpango mzuri, umeinua vijana wengi, mimi siupingi hata kidogo. Ila mkataba ukiisha kinachofanyika ni tajiri kumkabidhi kijana kadi mkononi, wanapeana mikono, basi. Jina halibadiliki. Kijana anaendesha mwaka, anamuuzia mwenzake laki nane, mwenzake anaipeleka Ifakara. Tajiri mwenye pikipiki kumi zilizokwisha mikataba ana pikipiki kumi mtaani kwa jina lake na hajui hata moja iko wapi, na zile ni vyombo vinavyopata ajali kila siku ya Mungu. Alafu upande wa pili kuna kijana aliyetoa jasho lake mpaka kumaliza hesabu na bado kwenye karatasi hana kitu, akienda kukopa kwa dhamana ya pikipiki yake anaambiwa kadi siyo ya kwako. Ile 27,000 ya uhamisho na kadi mpya na stempu yake mngeiweka kwenye mkataba toka mwanzo, ikatwe kidogo kidogo kwenye hesabu, siku ya mwisho mnakwenda TRA pamoja. Hili vyama vya bodaboda wangelisimamia lingewezekana kabisa, viongozi wao wapo kila kijiwe.

Wengine watasema haya ni mambo ya kwetu tu, nchi inafanya hivi. Hapana. Kenya hapo jirani, sheria yao ya barabarani, sura ya 403, inamtaka muuzaji ndani ya siku 7 amjulishe msajili jina na anwani ya mmiliki mpya, na gari lisitembee barabarani zaidi ya siku 14 kama mmiliki mpya hajasajiliwa. Sisemi Wakenya wote wanafuata, nasema muuzaji ana sehemu yake ya kufanya ambayo haimsubiri mnunuzi. Na kwa wenye ndugu Marekani wawaulize walioko California, kule pleti zinabaki na gari kama kwetu, ila muuzaji anatakiwa ndani ya siku 5 ajaze taarifa ya kuachia gari, onlaini, anaandika namba, jina la mnunuzi na tarehe, na kuanzia hapo faini za maegesho na makosa ya huyo mpya hayamhusu, wakati mnunuzi naye ana siku 10 zake za kupeleka makaratasi. Hivi vitu viwili wamevitenganisha. Kuarifu kwamba nimeuza ni kazi ya muuzaji peke yake. Kusajili jina jipya ni kazi ya mnunuzi. Sisi tumevifunga pamoja kiasi kwamba mmoja akigoma mwenzake amekwama.

Mpaka hilo lije, naomba wauzaji mfanye hivi, na naandika kwa kirefu kwa sababu nataka mtu akate hii barua akae nayo.

Kabla hata hujatangaza gari angalia madeni ya namba yako, faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi na maegesho kwa TARURA, lipa, tunza risiti. Siyo kwa ajili ya mnunuzi tu, ni ili ijulikane siku ya kuuza gari lilikuwa safi, chochote kitakachokuja baadae siyo chako. Angalia kadi yako chesesi na injini kama zinafanana na gari lenyewe, maana kuna watu walibadilisha injini gereji hawakwenda kurekebisha kadi, siku ya mauzo ndo mambo yanaharibika. Gari la mkopo ambalo benki bado ina haki nalo lazima benki iachie kwanza kwa barua. Gari lililoingia kwa msamaha wa kodi huwezi kumuuzia tu mtu yeyote, kodi iliyosamehewa inaulizwa. La kampuni linataka azimio la wakurugenzi, siyo saini ya meneja peke yake. La marehemu nimeshasema. Lenye pleti nyeupe, yaani lililokuwa la biashara, na mnunuzi anataka kuendea kazini kwake na kupeleka watoto shule, inabidi matumizi yabadilishwe kwenye kadi na pleti ziwe za njano, tarakimu na herufi zinabaki zile zile. Na wanaonunua magari ya serikali minadani, yale ya STK na STL, ile namba haiji na gari, unasajili upya unapata T yako, asikudanganye mtu kwamba utaendesha hivo hivo kwanza. Gari la Zanzibar lenye Z nalo likija kubaki bara lina taratibu zake za forodha na usajili mpya, usinunue kwa sababu tu bei iko chini.

Siku ya kuuza andikeni mkataba kwa wakili, yule anayejulikana ofisi yake, siyo muhuri wa kuletewa na dalali kwenye mfuko. Mkataba uwe na namba ya gari, chesesi, injini, bei ya kweli, majina kama yalivyo kwenye NIDA, namba za TIN zote mbili, simu, na tarehe pamoja na saa ya kukabidhiana. Watu wengi saa hawaandiki. Ajali ikitokea jioni ya siku ile ile uliyouza asubuhi, saa ndo itakutenganisha na kesi. Kila mmoja abaki na mkataba wenye saini halisi, siyo kopi, na piga picha kadi pande zote mbili na kitambulisho cha mnunuzi, jitumie mwenyewe kwenye baruapepe ikae huko maana simu zinaibiwa. Hela ipite benki au kwenye simu ili iwe na kumbukumbu.

Alafu kadi halisi usiitoe mkononi mpaka maombi ya kubadili umiliki yameingia na malipo yamefanyika. Hapa ndo pagumu, mnunuzi atasema mbona huniamini, dalali atasema bosi unachelewesha biashara. Mwambie tu kwa upole kwamba twende wote, gari ni lako, nakusindikiza. Kama mnahofia gharama zikubalianeni kwenye bei toka mwanzo, hata ukipunguza hiyo 210,000 kwenye bei ya gari bado umepata faida, umelala usingizi wako. Mimi nawaambia wateja wangu wasihesabu milioni 15, wahesabu 14 na laki nane na ya TRA mlipe pamoja palepale.

Bima nayo watu wanadhani inakwenda na gari kama tairi ya spea. Bima imeandikwa jina lako. Iwe ndogo, ya kuwalipa unaowagonga tu, au kubwa, inayolipa na gari lako, ijulishe kampuni yako kwamba umeuza, na mnunuzi akate yake kwa jina lake kabla hajaliwasha. Mnunuzi anayetembea na bima kubwa ya mtu mwingine siku ameligonga atakuta kampuni inamwambia hatukujui.

Na waliokwisha uza, wako wengi sana, msikae kimya. Aliye na namba ya mnunuzi ampigie wamalizane, hata kama itabidi kuchangiana gharama. Asiyempata atafute mkataba wake, aende TRA na TIN yake aombe kuangaliziwa vyombo vyote vilivyo kwa jina lake, watu wanashtuka kukuta na pikipiki walizosahau, alafu aandike barua akieleza gari namba fulani niliuza tarehe fulani kwa fulani, aambatanishe mkataba, apeleke TRA na nakala polisi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Hiyo barua haibadilishi kadi, najua, ila siku askari wakija una karatasi yenye tarehe ya kabla ya tukio, siyo maneno matupu.

Ndo narudi kwa TRA. Mna TIN ya kila mtu, mna namba ya simu ya kila mwenye TIN, mna gari chini ya TIN. Naomba muuzaji aweze kuingia kwa simu yake, hata kwa zile namba za nyota na reli kwa wasio na simu janja, aandike gari namba fulani nimeuza, TIN au NIDA ya mnunuzi hii hapa, tarehe hii. Mnunuzi aletewe ujumbe wa kukubali. Akikubali aanze kuhesabiwa siku za kulipa. Akikaa kimya, rekodi ionyeshe gari limeripotiwa kuuzwa na polisi wakitafuta namba hiyo waone majina yote mawili. Serikali haipotezi hata shilingi, inapata, kwa sababu zile stempu na kodi za uhamisho zisizolipwa sasa hivi ni nyingi kuliko tunavyofikiri, zimelala kwenye madroo ya watu pamoja na kadi zenye majina ya wengine.

Kwako Mhariri, naomba utume mwandishi wenu akawaulize TRA na polisi wa usalama barabarani swali moja tu ambalo wateja wangu wananiuliza kila siku: mtu aliyeuza gari kwa mkataba halali na mnunuzi amegoma kwenda kubadili kadi, aende dirisha gani, na karatasi zipi, na akitoka hapo nani atakuwa anadaiwa. Jibu lao mlichapishe ukurasa wa mbele kama nafasi ipo, nitalikuza nilibandike ukutani pale dukani.

Mwenye steshenari,
Temeke, Dar es Salaam